Nyumba ya paka wa uani: namna ya kuijenga ikawa kavu, haichezi, na paka mwenyewe akaikubali

Masika ya mwaka juzi paka mmoja wa manjano asiekuwa na mwenyewe alizalia nyuma ya tangi letu la maji hapa Fuoni, Unguja, watoto wanne. Mie nikaingiwa na huruma nikatafuta boksi la karatasi nikawaekea pale pale, kanga kuukuu ndani, nikaamini washapata pa kulala. Usiku wa tatu ikashuka ile mvua ya masika ambayo ukiwa ndani husikii hata redio. Alfajiri natoka kuchukua udhu nakuta boksi limelowa limekaa chini kama uji, kanga imejaa maji, wawili washakufa, na mama yao kawabeba waliobaki kawapandisha dirisha la jiko anatetemeka. Wale wawili niliwazika chini ya mpera na mpaka leo nikipita pale nawakumbuka.

Tangu siku ile nimejenga nyumba tatu za paka, mbili kwetu na moja kwa dada yangu Bububu, na kila moja imenifundisha kitu. Nayaandika yote hapa ili mtu mwengine asianze pale nilipoanzia mie.

La kwanza kabisa lielewe hili, mana ndo linaloamua kila kipimo kinachokuja huko chini: kwetu huku paka hauliwi na baridi ya hewa, anauliwa na maji. Paka mzima joto la mwili wake ni digrii 38 na kitu, lakini kitoto cha wiki ya kwanza na ya pili hakiwezi kujipasha joto wenyewe, kinategemea tumbo la mama yake na pahala pakavu. Kikilowa joto linaondoka haraka sana hata kama usiku wenyewe ni wa digrii 24. Kwahiyo ukiona mtu anakufundisha ujaze nyumba mablanketi na uzibe kila upenyo, huyo anaelezea nchi za theluji. Huku tunataka nyumba kavu inayopita hewa, isiyotikisika, na ambayo mbwa hawezi kutia kichwa. Basi.

Na ukisikia watu wanakwambia unajisumbua kwa paka wa jaani, usiwajali. Mtume (SAW) katufundisha kuwa paka si najisi, ni katika hawa wanaotuzunguka majumbani mwetu, na yule mwanamke aliemfungia paka hakumpa chakula wala hakumuacha akajitafutie tunaijua habari yake. Hilo la kumfungia ulishike vizuri, mana nyumba hii haina mlango wa kufunga. Paka anaingia na kutoka anapotaka yeye.

PAHALA PA KUIWEKA

Hapa usiharakishe. Zunguka uani kwako siku mvua inanyesha, toka na mwamvuli kabisa, uangalie maji yanatoka wapi yanakwenda wapi. Sie tunaokaa mabondeni tunajua, pahala ambapo Januari pakavu kabisa mwezi wa nne panakuwa ziwa. Tafuta kijiinuko, hata cha inchi tatu kinatosha kuanzia.

Angalia juu pia. Usiiweke chini ya mnazi hata iweje, nazi moja ikianguka inatoboa bati, na kuti kavu likidondoka usiku kwa kishindo paka hatorudi tena hapo. Mfenesi vile vile. Mwembe una kivuli kizuri lakini uangalie kama una majimoto, wale chungu wekundu wanaoshona majani, wakianza kushuka kwenye nyumba watoto hawatalala. Mie nyumba ya kwanza niliweka chini ya mpera na ya pili nimeiegemeza upande wa ukuta wa jiko, na hii ya ukutani ndo bora mara mia, mana ukuta unakata upepo upande mmoja na paka anahisi mgongo wake uko salama.

Upepo sasa. Masika yanakuja na kusi, mvua inapigwa kutoka kusini na kusini mashariki inaingia kwa ubavu, si kutoka juu tu. Mlango ukielekea huko umeshapoteza. Nnavyofanya mie ni kuugeuza mlango uelekee ukuta wenyewe, nyumba iwe futi moja na nusu kutoka ukutani. Paka anapita katikati kama kwenye kichochoro halafu anaingia. Mvua haifiki, mbwa akija haoni mlango uko wapi, na watoto wa jirani hawauoni wakatia mikono.

Kaa mbali na shimo la karo, mbali na bomba la maji ya kufulia, na mbali na pale gari linapoegeshwa. Na kabla hujachimba kamwambie jirani. Ukuta ni wa nyote wawili, na paka akija kuiba samaki kwake lawama zitakuja kwako. Mie nilikwenda kwa Bi Mkubwa wa nyumba ya pili nikampigia hodi nikamueleza, akanijibu bora wewe mwanangu, mana panya wamenimalizia mchele.

MSINGI

Watu wengi wanaruka hapa na hapa ndo penye kazi. Paka hakubali sakafu inayocheza. Anaweza kulala juu ya ukuta wa inchi sita bila wasiwasi lakini mtie kwenye sanduku linalotikisika anapokanyaga, atanusa, atatoka, hatorudi. Na mama mwenye watoto ndo kabisa, atawahamisha usiku ule ule. Nyumba yangu ya pili niliiweka juu ya mawe manne niliyookota, jiwe moja likawa fupi nikalitilia kipande cha mbao chini. Siku ya tano mbao ikazama kwenye udongo uliolowa nyumba ikainama, nikaja kukuta tupu.

Chukua bloku nne za inchi 6, zile za kujengea. Chora umbo la nyumba chini kwa kijiti, kila pembe chimba shimo la inchi nne hivi, tia kokoto kama inchi mbili, shindilia kwa mti mpaka zisizame tena, halafu simamisha bloku juu yake ili upande wa inchi 9 uwe ndo kimo. Inatoka juu ya ardhi inchi saba, inatosha maji ya masika kupita chini. Weka ubao ulionyooka kutoka bloku moja kwenda nyengine na juu yake pima maji, na kama huna pima maji tumia chupa ya soda yenye maji nusu uilaze, utaona kama maji yamekaa sawa. Pima pande nne na pima kimshazari, mana pande nne zinaweza kukaa sawa na mshazari ukakudanganya.

Juu ya kila bloku tandika kipande cha tyubu kuukuu ya baskeli au gari. Kwanza mbao haitakunywa unyevu wa saruji, pili nyumba haitelezi, tatu mchwa wakijenga njia yao juu ya bloku unaiona mapema. Usiisimamishe nyumba kwenye miguu ya mbao iliyochomekwa ardhini, mchwa wa kisiwa hichi unawajua mwenyewe.

SANDUKU LENYEWE

Mbao: mie nimetumia za peleti, zile zinazobebea mizigo, unapata kwa bei nafuu kwa wenye maduka ya vifaa. Angalia muhuri uliochomwa ubavuni. Ukiwa na herufi HT maana yake mbao imepikwa kwa joto kuua wadudu, hiyo chukua. Ukiona MB iache, imefukizwa kwa gesi ya sumu. Iliyomwagikiwa oili au dawa pia iache hata kama ya bure. Ukiwa na uwezo wa plaiwudi nzito sawa, lakini ile nyembamba ya dari usijaribu, masika moja tu inafunuka kama chapati.

Vipimo vyangu, vya ndani: sakafu inchi 24 kwa 18. Kimo cha mbele inchi 18, cha nyuma inchi 15, ili paa liinamie nyuma maji yasimwagikie mlangoni. Mtu ataona ndogo, atataka kujenga kubwa mana anampenda paka wake. Usifanye. Paka anapenda kubanwa, na mama na watoto watano wanaenea hapo vizuri, ukiongeza ukubwa unaongeza unyevu na unamkaribisha paka shume, yaani dume, aje alale humo.

Anza na fremu ya mbao mbili kwa mbili, pigilia sakafu kwanza. Kama ni mbao za peleti acha mwanya mdogo baina ya ubao na ubao, wa kupita ukucha tu usizidi, vyenginevyo kitoto kitanasa mguu. Kama ni plaiwudi toboa matundu matano sita ya kupenya penseli, maji yakiingia yapate pa kutokea. Halafu viambaza vinne. Tumia skrubu kuliko misumari ukiweza, mana nyumba itafunguliwa kusafishwa na msumari ukishalegea haukazi tena. Kila ncha inayotokeza ndani ikunje au ikate, kisha pitisha msasa kote ndani na hasa mlangoni. Mimi napitisha na kiganja, pakinikwaruza mie patamkwaruza na yeye.

Mlango uwe upana inchi 6, kimo inchi 7, na uwe pembeni kabisa mwa kiambaza cha mbele, si katikati. Chini acha kizingiti cha inchi 3 kutoka sakafuni, vitoto visibingirike nje na maji yasirukie ndani. Inchi 6 paka mkubwa wa uswahilini anapita bila shida na mbwa wa kawaida anaishia pua.

Sasa kile kitu kilichobadilisha kila kitu kwangu, kiambaza cha ndani. Tuseme mlango uko kushoto. Inchi 8 kutoka ukuta wa kushoto simamisha ubao ndani, uanze kiambaza cha mbele uende nyuma inchi 11, uishie hapo. Kimo chake inchi 12, usifike paani hewa ipite juu. Paka akiingia anakuta ujia mdogo, anakwenda mpaka nyuma, anakata kona, ndo anaingia chumbani. Upepo haukati kona, mvua haikati kona, na kunguru akitia shingo mlangoni haoni kitu. Kazi ya nusu saa hiyo, usiiache.

Hewa: juu kabisa chini ya paa, ubavu wa kulia na wa kushoto, toboa matundu manne manne ya inchi moja, uyapigilie wavu wa waya kwa ndani nyoka na panya wasipite. Bila hayo mchana wa kaskazi, mwezi wa pili, humo ndani panakuwa tanuri.

Watu wananiuliza mlango wa pili. Kwa paka wazima ni jambo zuri, akiingiliwa na shume apate pa kutokea. Lakini mama aliezaa karibuni anautaka mmoja tu, anakaa kwenye kona anaulinda. Kwahiyo toboa wa pili ubavuni ukipenda, lakini uuekee kibao cha skrubu, ukifungue watoto wakishafika wiki tano sita.

PAA

Bati tupu ni kosa, hata kipande kipya kinachong'aa. Juani linachoma na mvua ikinyesha kelele yake inatisha, mama anatoka. Ninavyofanya ni tabaka tatu: kwanza ubao au plaiwudi, juu yake bati, juu ya bati makuti mawili matatu yaliyofungwa kwenye fito za mvinje kwa kamba ya usumba. Makuti yanaua kelele na yanakinga jua. Paa litokeze mbele inchi 6 na pande nyengine inchi 4. Kwa nyuma litie bawaba mbili, mbele komeo au waya wa kufungia nondo, ili unyanyue paa zima kama kifuniko cha sanduku la nguo ukasafisha bila kupekua mlangoni. Kila msumari wa bati utie mpira wake.

Makuti yabadilishe kila mwaka na usiyashike kwa mkono mtupu unapoyatoa, tandu na nge wanayapenda.

Ukishamaliza, iweke juu ya bloku, halafu izungushie waya mzito kila pembe mpaka kwenye nondo fupi uliyoigongomea ardhini. Kusi likishika mwezi wa sita wa saba linapeperusha mabati ya watu sembuse kijumba. Kisha fanya jaribio: bonyeza kila pembe kwa uzito wako wote, isukume kwa goti. Ikicheza hata kidogo usijiambie itakaa. Rudi kwenye kokoto.

YA KUMUUA BILA KUKUSUDIA

Sehemu hii isome mara mbili, mana humu ndimo watu wema wanapoua paka wao.

Paka anajilamba mwili mzima kila siku, kwahiyo chochote kilichopo ukutani au sakafuni kinaishia tumboni. Oili chafu ya kuzuia mchwa usipake, wala mafuta ya taa. Rangi ya maji paka nje tu, na uiache ikauke wiki nzima kabla ya kumkaribisha. Ndani acha mbao mtupu.

Mafuta ya karafuu. Najua sie ndo wenyewe, tunayatia kila pahala, jino, kikohozi, wadudu, na kuna mtu atakwambia upake sakafuni viroboto vikimbie. Usithubutu. Ini la paka haliwezi kuyavunja yale mafuta, yanamrundikia mwilini yanakuwa sumu. Ya mkaratusi vile vile usimpake. Na zile dawa za kusafishia ambazo ukizitia maji yanageuka meupe kama maziwa, nyingi zake ni sumu kwa paka, hata harufu iwe nzuri vipi.

Dawa za viroboto za mbwa: nyingi zina permethrini, mbwa haimdhuru, paka inamtetemesha mpaka anakufa. Poda za kupulizia mende nazo nyingi ni hiyo hiyo au za jamii yake. Soma kopo, na kama maandishi yamefutika usinunue. Mwenye paka mwenye viroboto aende kwa daktari wa mifugo apewe dawa ya paka kwa uzito wake. Vitoto vichanga hata hiyo usivipake, vichane kwa kitana cha meno ya karibu, uvitumbukize viroboto kwenye maji ya sabuni.

Na Panadol. Mtu anamuona paka ana homa anamponda robo kidonge. Hiyo robo yaweza kumuua.

MATANDIKO

Nguo iache. Nguo inanywa maji inayashika, ile kanga yangu ndo iliyowamaliza wale wawili. Tumia majani makavu ya mgomba, yale yanayoning'inia yenyewe mtini, yaanike juani siku mbili, yakate vipande, jaza inchi nne. Maji yakiyafika yanachuruzika chini. Yanabadilishwa kila wiki na hayana gharama. Nyasi kavu pia zinafaa. Usumba nimeujaribu, ni mkavu kweli lakini nyuzi zake zinavizonga vitoto miguu, nikauacha. Gunia la katani lenye nyuzi zilizolegea lina tatizo hilo hilo.

KUMKARIBISHA

Hapa huwezi kulazimisha. Ukimshika paka wa nje ukamtia ndani kwa nguvu umeshaifanya nyumba iwe mtego. Iweke tayari kabla ya mimba haijafika mwisho, mana paka anabeba mimba siku 63 hivi na wiki ya mwisho ndo anazunguka kutafuta pa kuzalia. Chukua jani au tambara alilokuwa analalia, lisugue kizingitini na kwenye kiambaza cha ndani ili kuwe na harufu yake mwenyewe, halafu litoe. Mwaga dagaa wawili watatu ndani kwenye ujia, siku tatu za mwanzo tu. Halafu ondoka. Usikae unachungulia. Yule wa manjano alichukua siku kumi na moja, siku ya kumi na mbili nikaona manyoya kwenye majani ya mgomba nikajua kalala.

Ukikuta keshazaa pengine, na pahala pale si pa hatari ya mvua au gari, muache. Atahama mwenyewe watoto wakifika wiki tatu nne, na nyumba aikute iko pale pale. Ukilazimika kuwahamisha, hamisha wote kwa pamoja yeye akiwa anakuona, mtie chakula karibu na mlango, na uwaache watu wakae mbali siku nzima. Vitoto ukivikuta peke yake usikimbilie kuvibeba, mara nyingi mama kaenda kutafuta chakula. Jitenge, angalia kwa mbali masaa mawili matatu. Macho yanafunguka baina ya siku ya 7 na ya 14, wewe kazi yako ni kuviacha.

Chakula kiwe hatua nne tano mbali na nyumba, kamwe kisiwe ndani baada ya zile siku tatu. Harufu ya samaki inaita chungu, inaita shume, na kwa wanaokaa karibu na vichaka inaita ngawa. Lisha asubuhi na jioni, baada ya nusu saa osha sahani. Dagaa wetu wanachemshwa kwenye maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, kwahiyo waroweke uwakamue ndo umpe. Maziwa ya ng'ombe usimpe, paka wengi wakishakua yanawaharisha, na kitoto kikiharisha siku mbili kimekwisha. Maji safi kila siku, na usiache bakuli likae wiki nzima, mbu wanazaliana humo na dengi tunaijua.

WANAOKUJA USIKU, NA WA MCHANA

Siafu ndo ninaowaogopa kuliko wote. Wakiingia kwenye nyumba yenye vitoto ambavyo havijafungua macho hawabakishi. Futi mbili kuzunguka nyumba pasiwe na jani wala taka, pafyagie, na jioni mwaga majivu kuzunguka kila bloku, mvua ikiyasomba mwaga mengine. Msimu wa mvua toka na tochi kabla hujalala. Ukiwaona wanakuja usipigane nao, beba mama na watoto kwenye kapu uwatie ndani kwako usiku mmoja, siafu wanapita wanakwenda zao.

Kunguru hawa wenye shingo ya kijivu, waliletwa kisiwani miaka ya 1890 wale taka, sasa wanakula vifaranga na vitoto vya paka vinavyoanza kutembea. Kile kichochoro cha futi moja na nusu kiekee kuti juu kiwe kama kibaraza, vitoto vikitoka kucheza viwe na kifuniko.

Shume anaweza kuua watoto ambao si wake. Huwezi kumzuia kwa mlango, mana anapopita mama na yeye anapita. Kinachosaidia ni chakula kuwa mbali, chumba kuwa kidogo, na shume mwenyewe kuhasiwa, nalo nalifikia.

KUSAFISHA, NA AFYA YENU

Kila wiki nyanyua paa, toa majani yote uyachome au uyafukie, futa sakafu kwa maji ya moto na sabuni, acha paa wazi juani masaa mawili, tia majani mapya. Kama kuna vitoto chini ya wiki tatu, badilisha yaliyolowa tu kwa haraka mama akiwa anakula.

Mama mjamzito asishike kinyesi cha paka, kuna kimelea kinachoweza kumdhuru mtoto tumboni. Mwengine afanye, avae glavu, na afanye kila siku, mana kinyesi kibichi hakiambukizi mpaka kipitishe siku moja au zaidi. Mtu akiumwa au kukwaruzwa na paka asiemjua, aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, halafu aende hospitali siku ile ile. Kichaa cha mbwa kinakuja na paka pia, na kikishaonesha dalili hakina tiba. Paka unaewalisha wachanjwe.

Na wafungwe uzazi. Najua wengine inawakalia vibaya, lakini jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne mitano, na mama anaweza kushika nyengine bado ananyonyesha. Nyumba moja haitatosha, na watakaozidi watazalia nyuma ya tangi, kwenye maji. Muulize daktari wa mifugo wa wilaya yako, wakati mwengine kuna kampeni za bure. Ukimuona paka wa mtaani kakatwa ncha ya sikio moja usimuonee huruma, hiyo ni alama kuwa keshafanyiwa na usimsumbue tena. Yule wa manjano alifanyiwa watoto wake walipofika miezi miwili, akakaa ndani kwangu siku kadhaa mpaka kidonda kikakauka, halafu akarudi kwenye nyumba yake.

Mwezi wa pili, kabla masika hayajafika, chukua asubuhi moja tu. Shusha makuti, kagua mpira wa kila msumari wa bati, mwaga ndoo ya maji juu ya paa huku mwenzako katia mkono ndani anapapasa, angalia bloku kama mchwa wamepandisha njia, kaza waya, na bonyeza pembe zote nne tena kwa goti.